Ngoma za Mavuno na Fungu la Nafaka katika Uzaramo

Kila mkulima wa Uzaramo ajua ya kuwa mwaka una miezi ya kushiba na miezi ya kupima kwa kibaba. Mpunga wa mabondeni na mtama wa vilimani huiva masika yakiisha. Kuanzia Juni watu hukata, na kufika Julai vihenge vina kitu. Toka hapo hata Septemba mvua ni chache, njia ni kavu, na ngoma husikika kijiji hata kijiji. Lakini ukiingia Januari, mama mwenye nyumba hutia mkono kihengeni akagusa chini, naye hunyamaza, maana mavuno ya masika yako mbali bado.

Katika karatasi hii twaeleza jinsi ngoma za mavuno zilivyoongoza kazi, deni na biashara katika vijiji vya Kisarawe, kama Masaki, Msanga na Maneromango, siku za utawala wa kigeni: kwanza Wadachi, yaani Wajerumani, hata mwaka 1916, kisha Waingereza hata mwaka 1961. (Masaki tuitajayo ni ile ya Kisarawe, wala si mtaa wa Dar es Salaam wenye jina hilo.) Mambo haya ni ya zamani, walakini kihenge ni kile kile. Mkulima akijua ni nani waliokuwa wakichota humo, na kwa wakati gani, ataelewa kwa nini babu yake aliweza kuvuna vema akalala na njaa mwaka ule ule.

Ngoma ilikuwa malipo

Mgeni aliyepita Uzaramo mwezi wa Agosti aliona wali, pombe, na watu waliokesha wakicheza, akasema watu hawa wapoteza mali yao. Mabwana wengi wa serikali zote mbili walisema hivyo, na wamisionari nao. Waliyoyaona yalikuwa kweli, ila waliondoka kabla ya kuuona mtama ule ukirudi.

Basi na tuutazame ukirudi. Mtu aliyekuwa na mtama wa ziada baada ya mavuno hakuwa na mahali pa kuuweka miaka mingi. Fukusi huingia, panya huingia, na unyevu wa pwani huozesha. Akiba ya mwaka huu haiwezi kungoja mwaka wa tatu. Kwa hiyo aliiweka kwa watu. Mtama ulitiwa maji ukamea, ukaanikwa, ukasagwa, ukawa pombe. Majirani wakaalikwa, nao wakaja na majembe na mashoka, wakamfyekea pori lake Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Kazi hiyo ya kualikana, ambayo watu wa pwani huiita ujima, haikuwa na mshahara wa fedha. Mshahara wake ulikuwa chakula na kinywaji cha siku ile, pamoja na ahadi isiyoandikwa ya kwamba mwenye shamba naye atakwenda akialikwa. Pishi kadhaa za mtama zilizonywewa Septemba zilionekana tena Juni, katika konde pana ambalo mtu na mkewe peke yao wasingaliweza kulifyeka.

Na yule ambaye hakuonekana ngomani kwa mwenzake, wala hakupeleka hata kuku mmoja, alipata watu wachache siku yake ya kualika. Hakuna aliyemshtaki. Walikuwa na kazi nyingine tu siku hiyo.

Zaidi ya ujima palikuwa na tambiko. Wazee waliikumbuka mizimu kwa unga na pombe, na zawadi zilipelekwa hata Kolelo, katika milima ya Uluguru, ili mvua isikatike. Kisha zikafuata jando na unyago. Kwa Wazaramo mambo ya mwali ndiyo yaliyotaka gharama kubwa. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani miezi mingi, na zamani hata mwaka au zaidi, akifundishwa. Alipewa mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti, akakitunza kama mtoto. Siku ya kutolewa nje ilihitaji chakula cha wageni, nguo mpya, ada ya kungwi na ada ya wapiga ngoma. Ngariba wa jando naye alitaka yake. Mchonga mwana hiti, mfinyanzi wa mitungi ya pombe, msuka mikeka, mwamba ngoma: hao wote walipata riziki yao katika miezi hiyo michache. Baada ya hapo zilikuja posa na mahari, pamoja na kilemba cha mjomba na mkaja wa mama. Na kwa kuwa Wazaramo walihesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la mjomba lilikuwa zito katika mali hizo.

Mavuno yakiwa mabaya, mwali hakutolewa. Wazee walisema tusubiri, naye akabaki ndani mpaka mwaka mwingine. Jambo hili si dogo, maana laonyesha ya kuwa ngoma haikufanywa kwa tarehe, ilifanywa kwa kutazama ghala. Mwaka wa njaa ulijipunguzia gharama wenyewe. Sikukuu za dini hazina tabia hiyo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo Idi na Maulidi huzunguka miezi yote, mara katika mavuno, na baada ya miaka kadhaa katika njaa. Wazaramo wengi waliposilimu walizishika sikukuu hizo kwa moyo, na ngoma za mavuno wakaziacha mahali pake. Wamisionari wa Kilutheri waliojenga Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890 waliwakataza watu wao pombe na ngoma, lakini wao nao walikuwa na ibada ya shukrani ya mavuno, ambayo mkulima huleta sehemu ya mazao yake mbele ya madhabahu. Waliona ngoma ni ya kipagani; kwamba wakati wa kuvuna ndio wakati wa kutoa, hilo hawakulibishia.

Kodi na pamba

Na kodi je? Kodi haikutazama ghala. Wadachi walitoa sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898, na nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3. Mwanzo iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi. Mwaka 1905 ikaja sheria nyingine, rupia 3 kwa kila mwanamume mzima, na sasa fedha ndiyo iliyotakiwa. Asiye na fedha alitiwa katika kazi za serikali. Akida na jumbe walipenda kudai wakati ambao watu wana kitu, yaani baada ya mavuno. Tangu hapo wadai wawili walisimama mbele ya kihenge kimoja katika mwezi mmoja, mwali na akida. Mwali aliweza kungoja. Akida hakungoja.

Mkulima asiye na rupia aliuza nafaka. Lakini majirani zake nao waliuza mwezi ule ule, na bei ikaanguka kwa wingi wa nafaka sokoni. Miezi sita baadaye aliyeuza alirudi kununua, wakati kila mtu anataka kununua na wenye kuuza ni wachache. Hivi ndivyo njaa ya Januari ilivyotengenezwa mwezi wa Agosti.

Kisha ikaja pamba. Mwaka 1902, siku za Gavana von Götzen, serikali iliamuru mashamba ya pamba ya vijiji, na Uzaramo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Kila jumbe alitengewa shamba, na watu wake wakalazimishwa kulilima. Fedha za mauzo ziligawanywa mafungu: la wafanya kazi, la jumbe, na la serikali ya wilaya. Fungu la mfanya kazi lilikuwa dogo hata wengine walikataa kulipokea.

Husemwa ya kuwa pamba ilichukiwa kwa sababu ya kiboko na malipo haba. Ni kweli. Lakini mkulima ataiona na sababu ya tatu, ambayo haionekani upesi kwa mtu asiyelima, nayo ni ya majira. Pamba hutaka palizi wakati ambao mpunga na mtama hutaka palizi, na kuchumwa kwake huanza Julai, hata Septemba na kupita. Yaani ilichukua mikono ya palizi, kisha ikachukua na msimu wa ngoma. Aliyekuwa akichuma pamba ya jumbe mwezi wa Agosti hakuandaa pombe. Asiyeandaa pombe hakualika. Asiyealika hakufyeka konde la mwaka ujao. Tena nafaka inapoiva yahitaji mlinzi juu ya dungu usiku kucha, kwa kuwa nguruwe wa mwitu huweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Waume wakiwa kwenye pamba, au wamekwenda Dar es Salaam kutafuta rupia, wanawake walilinda peke yao, na sheria za uwindaji, ambazo Wadachi walianza kuzitoa mwaka 1896, zilikuwa zimepunguza ruhusa ya watu kuwinda.

Mwisho wa Julai 1905, mavuno yakiwa yameingia na pamba ingali ikichumwa, vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, na watu wa huko walianza kwa kung'oa pamba. Katika Uzaramo zilikuwa zimeenea habari ya kwamba Kolelo amekataza watu wasilipe kodi tena kwa Wadachi. Kolelo huyo ndiye aliyekuwa akipelekewa zawadi kwa ajili ya mvua na mazao, basi watu walielewa mara moja: fungu la kihenge lina mwenyewe, na amelitaka. Uzaramo kukawaka vita. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikamatwa akanyongwa. Shule moja ya Dar es Salaam imepewa jina lake. Vita vilipokwisha mwaka 1907 njaa ilikuwa imeua watu wengi sana, hasa kusini, na mashamba ya pamba ya majumbe hayakuendelea tena.

Duka, shilingi na mji

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia iliondolewa, shilingi ikashika mahali pake, na mwaka 1922 ikatolewa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Shamba la jumbe halikurudi. Kilichokuwa na nguvu sasa ni duka.

Mwenye duka, aghalabu Mhindi, alizijua siku za ngoma kuliko Bwana Shauri. Kanga, kaniki na merikani, chumvi, sukari na mafuta ya taa vilikuwa tayari dukani kabla ya mwali kutoka. Mkulima asiye na fedha mwezi wa Mei alichukua nguo kwa ahadi ya nafaka au nazi za Julai, na bei ya nafaka hiyo ilikatwa siku ile ile ya Mei, mkulima akiwa na shida na mwenye duka akiwa hana. Mwaka 1923 serikali ilitoa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanya biashara asiye mwenyeji aliyemkopesha mwenyeji pasipo idhini ya afisa wa serikali hakuweza kumdai barazani. Nia yake ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini haja ya mkopo haikuondoka kwa sheria, na mkopo ukakimbilia mahali pasipoandikwa: mpunga ulionunuliwa ungali kijani, minazi iliyowekwa rehani kwa maneno ya mdomo. Kwa maoni yetu sheria ile ilifunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi, na katika mlango wa nyuma mkulima hana risiti.

Mji nao ulikuwa karibu. Watu wa Kisarawe walipeleka Dar es Salaam mihogo, kuku, makuti, kuni na mkaa, na vijana walitafuta kibarua bandarini na majumbani. Hapa twataka msomaji atazame jambo ambalo mabwana waliolaumu ngoma hawakulihesabu. Kijana aliyefanya kazi mjini miezi minane angaliweza kutumia fedha zake zote mjini. Ngoma ya dada yake ndiyo iliyomrudisha Agosti, na kanga mkononi, na shilingi za kodi ya baba yake, maana aliyerudi mikono mitupu aliona haya mbele ya ukoo mzima. Mshahara wa mji uliingia Masaki na Msanga kwa njia ya ngoma. Tena ngoma nyingine zilikwenda mjini pamoja naye. Mdundiko wa Wazaramo ulipita katika mitaa ya Dar es Salaam, na vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na karamu hata wanachama wake wakaingia katika deni. Huko kweli palikuwa na upotevu mwingi, kwa kuwa ngoma ya mjini haina ghala la kuizuia.

Mwaka 1926 ilitolewa sheria iliyowapa wakubwa wa kienyeji uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, na katika amri hizo zilikuwamo za kukataza au kupunguza pombe. Pombe hula nafaka, hilo ni yakini. Lakini pombe ya kualika ilikuwa mshahara. Mahali ilipokatazwa, mwenye konde alipaswa kulipa vibarua kwa senti, na senti zilipatikana kwa kuuza nafaka ile ile iliyookolewa. Bei za mazao zilipoanguka duniani baada ya mwaka 1929 jambo hili lilionekana wazi: ilihitajiwa mbata nyingi zaidi na nafaka nyingi zaidi kupata shilingi zile zile, na kwa hiyo mkulima aliyelima kwa ujima alisimama, na aliyelima kwa vibarua akapunguza konde lake.

Amri nyingine zilihusu chakula cha akiba, hasa mihogo. Zilisisitizwa tena wakati wa Vita Kuu ya Pili, maana mwaka 1943 chakula kilikuwa haba Tanganyika. Watu walichukia kuamriwa, lakini mihogo yenyewe hawakuichukia, na sababu yake yastahili kuangaliwa. Mihogo haina ngoma. Haivunwi yote siku moja, haikusanywi chungu moja uani, hungoja ardhini mpaka itakiwe. Mwenye kodi aonapo shamba la mihogo haoni mali ya kubebwa leo. Mgeni wa karamu haoni. Mwenye duka hawezi kukata bei yake Mei. Mtama ulikuwa chakula cha heshima, wenye kudaiwa na kila mtu. Mihogo ilibaki kwa mama mwenye nyumba.

Hesabu ya kihenge

Siku hizi akida hayuko, na kodi ya kichwa imekwisha kuondolewa. Hata hivyo msimu wa ngoma ungali ule ule, na wadai wapya, kama mahitaji ya watoto shuleni mwezi wa Januari, huja wakati kihenge kimepungua. Kwa mkulima mwenye mikorosho fedha huingia kuanzia Oktoba hata mwisho wa mwaka. Huyo ana heri, kwa kuwa fedha yake haiji pamoja na nafaka, na hana haja ya kuuza mpunga Agosti kwa bei ya wingi. Asiye na mikorosho na ahesabu hivi.

Wazee walipima kwa pishi. Vibaba 4 ni pishi 1, na pishi 60 ni jizla. Pishi ya nafaka ni kadiri ya ratili 6, yaani kilo 2 na robo tatu hivi. Posho ya mtu mzima ilikuwa kibaba kwa siku. Tuseme nyumba ina mume, mke na watoto 4, na mtoto ale nusu ya mtu mzima: hao watakula vibaba 4, ndiyo pishi moja kwa siku. Toka Januari mosi hata mwisho wa Aprili ni siku 120, basi nyumba hiyo yataka pishi 120, jizla mbili, kadiri ya kilo 325, ambazo ni magunia matatu ya kilo 100 na kitu juu yake. Ikiwa shamba la mihogo liko tayari, kiasi hicho chaweza kupunguzwa, lakini mbegu ya masika haipunguzwi, nayo ihesabiwe mbali.

Kinachozidi hapo ndicho cha ngoma, cha kualika, na cha kuuza. Kikiwa kidogo, mume, mke na mjomba wakae pamoja waamue kama mwali atoke mwaka huu au angoje, kama walivyoamua wazee wao. Na wakiamua kualika watu wa kufyeka, waalike kwa siku moja yenye kazi nyingi kuliko siku tatu zenye chakula kingi.

Nafaka ya akiba ianikwe mpaka punje igongwapo kwa jino ivunjike kwa mlio. Mashuke ya mbegu yatundikwe juu ya jiko yapate moshi, maana fukusi haupendi. Zile pishi 120 zitiwe katika kihenge cha peke yake, kisichokuwa cha matumizi ya kila siku, na mdomo wake ukandikwe kwa udongo kabla ya ngoma ya kwanza kupigwa, usifunguliwe ila Januari.